Stempu ya Mieleka na Nguo ya Binti Yangu

Mwenzangu, sogeza kiti karibu. Habari hii sikuitoa kwa kila mtu, nakupa wewe kwa kuwa najua hutaipunguza wala kuitia chumvi. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Msambweni. Nashona mabuibui, kanzu na sare za madrasa, na jioni nakwenda kusoma ngumbaru pamoja na mama wenzangu, maana nilipokuwa mdogo sikupata nafasi hiyo. Mwandiko wangu sasa unasomeka. Nikikosea herufi utanisamehe, lakini habari yenyewe sikuikosea.

Ilianza kwa mwalimu wetu wa ngumbaru. Ni mwanamke wa bara, mchana anafundisha michezo katika shule ya sekondari anayosoma binti yangu wa kati, na jioni anatufundisha sisi mama zao. Siku moja wenzangu wakifunga madaftari akaniambia nibaki. Nilidhani ni imla yangu, maana wiki ile niliiandika vibaya. Kumbe ni mtoto.

Akanieleza kuwa msichana wangu anacheza mieleka. Si ile ya kwenye televisheni ya kurukiana na kupigana viti, la. Ni ile ya ufukweni, wawili wanasimama ndani ya duara lililochorwa mchangani, anayemwangusha mwenzake au kumsukuma nje ya duara ndiye anayepata. Shule ilikuwa inapeleka wasichana Galu kushindana na shule nyingine, na mwalimu alimtegemea binti yangu kuliko wote.

"Mama, huyu msichana wako ni noma," akaniambia. "Lakini amekataa kuja mpaka nyumbani waseme ndiyo. Na kukuuliza anaogopa. Nimeona nikuulize mimi."

Nilirudi nyumbani nikamtazama yule mtoto kama mgeni. Kweli nilikuwa nimeuona mchanga kwenye pindo la sketi yake, nikadhani wanapitia pwani na wenzake kula viazi. Huyu ndiye yule ambaye wageni wakiingia yeye anatokea mlango wa nyuma. Shuleni akiulizwa swali, jibu analijua na hasemi. Nikamuuliza, kwani huko mchangani unatafuta nini? Akainama, akafikiri, halafu akaniambia, "Mama, nikiingia mle ndani ya duara sioni haya."

Usiku ule niliswali istikhara kumwomba Mola anielekeze, na moyo wangu ukatulia upande wa ndiyo. Ukishatulia upande mmoja, mimi sirudi nyuma. Mume wangu, dereva wa lori, alinipigia simu kutoka Lunga Lunga akiwa anangoja kuvuka mpaka, nikamweleza. Akasema yeye hana neno, ila mjomba wake mtoto yupo.

Na hilo ni kweli. Sisi Wadigo, mtoto ana baba yake, na ana mjomba wake. Msichana haozwi, hasafirishwi wala hapelekwi mbele za watu mpaka mjomba atoe neno. Wengine siku hizi wanaruka. Mimi siruki. Binti yangu naye alilijua hilo, akaniambia kabisa kwamba mjomba akikataa, yeye hatalia wala hatakwenda kwa kujificha, atamwambia mwalimu ampe mwingine nafasi yake. Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, nikaona ameshaanza kuaga.

Mjomba wake ni kaka yangu mkubwa, yuko Jego, analima mpunga na ni mwadhini wa msikiti wa kule. Simu anaizungumza kama yuko juu ya mnara. Ukimpigia, anasalimu, anauliza mvua, anakata kabla hujaeleza shida. Sasa wiki ile ile mwalimu alikuwa ametupa kazi, kila mmoja aandike barua ya kweli, aipeleke posta kwa miguu yake, anunue stempu mwenyewe na kuituma. Nikaona nifanye kazi mbili kwa mkono mmoja. Nilimwandikia kaka yangu barua nzuri, yenye salamu kamili, na mwisho nikamwomba ruhusa.

Pale posta karani alifungua mtoto wa meza, akatafuta, akanipa stempu. Ilikuwa ya ukumbusho, imetolewa kuusifu mchezo wa mieleka. Niliyasoma maneno yale mwenyewe pale kaunta, madogo kama mbegu za mchicha, hakuna aliyenisomea. Juu yake wanawake wawili wameshikana, mmoja ameingia chini ya kwapa la mwenzake, mguu ameukaza mbele. Nikasema, tazama, barua ya mieleka imepata stempu ya mieleka. Nikanunua mbili, moja ya barua na moja yangu. Ilikuwa Jumatatu, nami nimefunga suna, kwa hiyo ulimi sikuutia. Nililowesha kidole bombani nikaibandika, nikaikandamiza kwa gumba mpaka ikashika.

Ila barua ya Jego haifiki Jego. Inafika kwenye sanduku la mwenye duka Lunga Lunga, naye anampa kijana wa bodaboda, na wa bodaboda anampa mwenyewe popote atakapomkuta. Kaka yangu alikutwa Ijumaa, barazani kwa msikiti, watu ndio wanatoka kuswali.

Barua ilikuwa ndani ya bahasha, lakini stempu iko nje, na wale wanawake wawili wamevaa zile nguo za mieleka zinazoishia juu ya mapaja. Bahasha ikapita mkono kwa mkono kabla haijafika kwake. Mmoja akamuuliza kama anaposewa. Mwingine, mkorofi zaidi, akamwambia, "Mwadhini, katika hawa wawili, dada yako ni yupi?"

Hakunipigia simu. Jumamosi nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia anapiga hodi. Nikajua.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo? Mumeo?"

Hata akiwa na hasira, salamu hakati. Akauliza mvua, akauliza minazi, akaketi, akanywa maji mpaka akamaliza. Ndipo akaitoa bahasha mfukoni mwa kanzu na kuiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Hii ni nini?"

"Ni barua. Umeisoma?"

"Nitaisomaje na msikiti mzima unatazama mapaja?" Akaivuta bahasha kwake. "Nimeisoma nyumbani. Mwandiko mzuri. Maneno yake siyapendi."

Nikamkumbusha kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mieleka na mtu mwenye nguvu na akamwangusha. Kaka akanitazama kwa jicho la kando.

"Hadithi hiyo nilikufundisha mimi."

"Na mimi nimeihifadhi."

Hapo nusura acheke, lakini akajizuia. Akaniambia hana ugomvi na mieleka, hata wao walipokuwa vijana walipigana mieleka kwenye majaruba ya mpunga. Ugomvi wake ni huo, na kidole chake akakiweka juu ya stempu, palepale penye paja. Mpwa wake hatasimama Galu mbele ya wazungu na wauza madafu akiwa katika hali ile.

"Hatasimama hivyo," nikamjibu. "Nitamshonea nguo."

"Utamshonea nini? Buibui?"

"Nitamshonea nguo utakayoridhika nayo wewe. Usiporidhika, haendi."

Nilisema hivyo kwa kuwa najua kazi yangu. Akaafiki. Atarudi Ijumaa, aione. Akiridhika atatoa neno, asiporidhika mambo yamekwisha na nisimtume mume wangu kumbembeleza.

Alipoondoka, binti yangu akatoka chumbani. Alikuwa amesikia yote. "Mama, umeniweka rehani," akaniambia. Nikamwambia nimemweka mikononi mwa Mwenyezi Mungu na cherehani, na vyote viwili havijawahi kuniangusha.

Lakini nguo ya mieleka nilikuwa sijawahi kuikata. Mwalimu alinipa masharti tu: hakuna pini, hakuna kifungo, hakuna kitu cha kunasa kidole, na mikono mirefu na hijabu hakuna tatizo. Mfano ulikuwa ile stempu yangu ya pili. Niliiweka juu ya meza ya kukatia, binti akaipiga picha kwa simu na kuikuza, na macho ya fundi yakaanza kusoma. Nikaona mshono wa bega unapopita, kwapa lilivyochimbwa, na kwamba nguo haina mpasuko mbele wala nyuma, inavaliwa kwa kuingilia shingoni. Nikachora kwa chaki.

Basi hapo mkono wangu ukafanya ulichozoea. Sisi mafundi wa mabuibui tukishapima mwili tunaongeza upana wa kujistiri, ili nguo isiuchore mwili. Hatufikirii, mkasi wenyewe unajua. Nikakata umbo la stempu, nikaliongeza upana wa buibui. Kitambaa cheusi laini, mikono mirefu, suruali pana, hijabu imeshonewa shingoni. Nilijisifu nilipomaliza. Binti akavaa, akajitazama, akasema, "Mama, mimi ni mwanamieleka au ni pazia?"

Nikamwambia aheshimu kitambaa cha watu, na atoke uani tujaribu.

Uani kwetu kuna ua wa makuti, hapana anayeona. Nikafunga leso kiunoni, nikamsogelea. Mieleka sijui, lakini gunia la unga nalinyanyua. Nikapeleka mkono mgongoni kwake, nikapata kitambaa cha kujaza ngumi, nikavuta. Nguo yote ikapanda mpaka makwapani. Hijabu ikamgeukia usoni, ikamfunika macho. Tumbo lote liko nje, naye ameanguka magoti, anapapasa mchanga haoni anakokwenda. Nami nimesimama juu yake nimeshika kitambaa changu mwenyewe.

Nilikiachia, nikaketi kizingitini. Ule upana nilioutia kwa ajili ya stara ndio uliomvua. Maisha yangu yote nimewaambia wasichana, nguo pana ndiyo stara, na siyafuti maneno hayo. Ni stara ya kutembea, ya sokoni, ya msikitini, mahali ambapo hakuna anayekushika. Ndani ya duara mikono ya mtu inatafuta pa kushika, na mimi nilimpa binti yangu nguo iliyojaa pa kushikia. Angeumia shingo, na angebaki tupu mbele za watu, kwa kazi ya mamake.

Asubuhi yake nilikwenda Ukunda kununua kitambaa kingine, kile kinachovutika, wanachoshonea nguo za kuogelea za wanawake wanaojistiri. Nikachukua rangi ya bahari ya mbali. Nilikata karibu na mwili, nikashona kwa zigizaga ili mshono uvutike pamoja na nguo usikatike. Chini nikatia lastiki ya kupita chini ya unyayo, suruali isipande. Mkononi nikaacha tundu la gumba, mkono usipande. Hijabu na shingo nikavifanya kitu kimoja. Halafu juu ya yote nikashona ile nguo ya kwenye stempu, kwa kitambaa kizito chekundu cha rangi ya shule, ili kifua na mgongo visichorwe.

Tukarudi uani. Nilimshika mgongoni, vidole vikateleza. Nikashika kiunoni, vikateleza. Nikiwa bado natafuta, yeye akaingia chini ya kwapa langu, akaninyanyua, akanilaza mchangani taratibu kama anayelaza mtoto mchanga. "Samahani, mama," akasema. Nilicheka nikiwa chali pale pale.

Ijumaa kaka akaja. Nguo ya pili ilikuwa juu ya meza, akaigusa kwa ncha ya kidole, na uso wake ukafunga.

"Inabana."

"Ndiyo, inabana," nikamjibu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Nikamwambia aliweke chini. Nikachukua mito mirefu miwili ya kitandani, kila mmoja nikauvisha nguo yake, nikailaza mkekani kama watu.

"Kaka, wewe una nguvu," nikasema. "Hebu mvue huyu."

"Nimvue mto?"

"Mvue."

Alinitazama kuona kama nina akili zangu. Halafu akakunja mikono ya kanzu, akapiga goti, akaishika ile nguo pana mgongoni na kuvuta mara moja. Ikaja yote. Mto ukabaki na foronya yake ya maua, iliyochanika tumboni. Binti yangu akauma leso.

"Huyo ndiye aliyevaa pana," nikasema. "Sasa mwenzake."

Akaushika wa pili. Vidole vikateleza. Akajaribu shingoni, hapashikiki. Akajaribu mguuni, lastiki ikamrudisha. Akauwekea goti mto, akauvuta huku na huku mpaka kofia ikamdondoka, na mwisho akaketi sakafuni mto uko mapajani mwake, umevaa vilevile kama nilivyouvisha. Alikuwa anahema. Mimi sikuongeza neno. Nimejifunza kwamba kaka yangu ukimwongezea neno unamharibu.

Akaomba maji. Akanywa. Akaigeuza ile nguo, akatazama mishono kwa ndani, mmoja mmoja. Muda wote huo binti hakuinua macho kutoka kwenye mkeka.

"Hapa kiunoni," kaka akasema mwisho, "ongeza kipande cha kufunika nyonga. Kifupi. Ukishonee chini kisishikike."

"Kitaongezwa."

Akamgeukia mpwa wake. "Na wewe, swala usipitwe kwa sababu ya mchanga."

"Haitanipita, mjomba."

"Basi nenda."

Mtoto alikwenda kumbusu mkono, akabaki ameushika muda mrefu kuliko desturi. Kaka akakohoa, akaniambia na yeye atakwenda Galu. Nikamwambia karibu. "Sikuomba karibu," akasema. "Mimi ni mjomba wake."

Na alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ana mwavuli. Alichukua kiti cha plastiki akakiweka karibu na duara kabisa, lakini akakigeuza, akaketi ametazama ukuta wa hoteli ili asiwaone wasichana wa watu katika nguo zao. Aliniambia nimguse bega wakati ukifika. Muuza madafu mmoja akamwonea huruma. "Mzee, mashindano yako huku nyuma," akamwambia. Kaka akamjibu, "Yangu bado."

Jina la shule yetu lilipoitwa nikamgusa bega, akageuka na kiti chake.

Mpinzani alikuwa msichana wa Ukunda, mkubwa wa mwili kuliko wangu. Alipeleka mkono mgongoni haraka, vidole vikapita bure, na katika ule mshangao binti yangu akawa ameshaingia chini. Alimnyanyua akamlaza. Mwalimu wetu akapiga mluzi kwa vidole kama kondakta, na mimi nikajikuta nasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa nje ya nyumba yangu. Akashinda. Wa pili alikuwa msichana wa kutoka mbali, mwenye mazoea. Huyo alimsukuma binti yangu nje ya duara, wakarudishwa ndani, akamsukuma tena. Tukashindwa. Binti akampa mkono, akatoka kichwa kiko juu, akaja kusimama mbele yetu mchanga umemjaa nyusi.

Nilimtazama kaka. Yeye alikuwa amewatazama wale waliokuwa wanapigana na mpwa wake, kwa lazima, na alikuwa ameona jambo ambalo na mimi nililiona. Wale wengine kila wakiachana walikuwa wanavuta kaptura chini, wanapandisha kamba ya bega, wanajifunika kwa mikono wakisikia vijana wanapiga miluzi. Kaka akafunga mwavuli.

"Hakugusa nguo yake hata mara moja," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu aingie mpaka atoke, mkono wa binti yangu haukwenda kwenye nguo. Ulikuwa na kazi nyingine. Yule mtoto wa mlango wa nyuma alisimama mbele za watu wote wale akamwambia mjomba wake, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza madafu, kwamba mwakani anataka kushindana tena na yule wa pili. Mjomba akamjibu kuwa mwakani atamfundisha namna ya kukaza mguu, maana ameuweka vibaya. Halafu adhuhuri ikaingia, akatutafutia mahali pa kuswali kwa wafanyakazi wa hoteli, tukaswali, binti amejitupia leso yangu juu ya nguo yake.

Tulipotoka, mama wawili walikuwa wananingoja, mmoja wa Tiwi na mmoja wa kwetu kwetu Msambweni. Mabinti zao wanataka kucheza, na nyumbani wamekataliwa kwa sababu ya nguo. Niliwaeleza yote palepale, wakishika mshono kwa vidole vyao. Tangu siku ile nimeueleza mshono huu mara nyingi, lakini mdomo wangu ni mmoja na watu ni wengi, ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Kwa hiyo nina ombi, mwenzangu. Lazima unamjua mama mmoja mwenye binti aliyefungiwa nyumbani kwa neno hili hili. Mpelekee habari hii, msomee kama hajui kusoma. Mwambie akate karibu na mwili, ashone kwa zigizaga, atie lastiki ya unyayo, kipande cha kiunoni akishonee chini. Na kabla hajafanya lolote, amwite mjomba wa mtoto, ampe maji, na amtandikie mkeka.